Tange: niliyojifunza masijala kuhusu nani apande cheo kwanza

Kwenye halmashauri watu husameheana mengi. Husameheana madeni ya chai, maneno yaliyosemwa msibani, hata safari ya posho ambayo mmoja alienda na mwenzake akaachwa. Linalochukua miaka kusameheka, kwa nilivyoona mimi, ni mtu uliyemtangulia kazini akikupita cheo huku hakuna anayeweza kukueleza kwa nini. Nimefanya kazi ya kutunza kumbukumbu katika halmashauri moja ya mkoa wa Dodoma tangu 2012, baada ya kumaliza chuo Tabora. Majalada ya watumishi wa idara zote yamepita mikononi mwangu. Nimeona watu wazima, wenye wajukuu, wakilia mbele ya dirisha la masijala kwa sababu ya tarehe moja.

Kila mgogoro wa namna hii huanzia kwenye tange. Hiyo ni orodha ya watumishi wa kada moja iliyopangwa kwa ukuu kazini. Ina jina, cheki namba (namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara), tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya ajira ya kwanza, tarehe ya kuthibitishwa, cheo cha sasa na tarehe ya kukipata, na elimu. Wakati wa kuandaa ikama, yaani mpango wa nafasi za watumishi, na bajeti ya mwaka unaofuata, maafisa utumishi huiangalia tange, wakahesabu nani amefikisha muda kwa mujibu wa muundo wake, yaani mpangilio wa ngazi za vyeo vya kada yake, kisha wakaomba nafasi. Asiyeingia kwenye ikama hapandi, hata awe mchapakazi namna gani. Kwa hiyo hatima ya mtumishi huamuliwa miezi mingi kabla ya barua kuandikwa, na mara nyingi mwenyewe anakuwa yuko kituoni kwake kijijini, hana habari.

Karibu kila ugomvi wa vyeo unaousikia leo kwenye ofisi za umma una mzizi wake 2016. Katikati ya mwaka ule serikali ilisimamisha ajira mpya na upandishaji wa vyeo ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti. Aprili 2017, hapa hapa Dodoma, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Sina ugomvi na uhakiki ule. Nilikuwa napokea vyeti kwa mikono yangu na najua kilichokuwa kimejificha kwenye baadhi ya majalada. Tatizo lilikuwa kwa wale waliokuwa safi. Mkazi yeyote wa Dodoma anajua foleni ya ndoo kioskini siku maji yanapokatika: ndoo ya alfajiri na ndoo ya saa nne zinakaa pale pale, na maji yakirudi jioni kila mmoja anasema yake ndiyo ilikuwa mbele. Vyeo vilipofunguliwa tena kuanzia mwishoni mwa 2017, ndivyo ilivyokuwa.

Mimi niliajiriwa 2012, nikathibitishwa 2013 baada ya miezi kumi na miwili ya majaribio. Muundo wetu ulitaka miaka isiyopungua mitatu kabla ya kupanda, na barua yangu ya kwenda daraja la kwanza ilikuwa imeshaandikwa 2016 pale zuio lilipokuja. Ikasitishwa. Mwenzangu wa masijala, kijana aliyeajiriwa 2014, zamu yake ilikuwa bado haijafika. Milango ilipofunguliwa, yeye naye akawa amefikisha muda, tukapanda siku moja kwa barua zenye tarehe moja. Miaka miwili yangu ya kumtangulia ikafutika kwenye karatasi. Walimu wanaujua sana uchungu huu: yupo aliyefundishwa na mwalimu, akaajiriwa, akamkuta mwalimu wake wamelala daraja moja.

Wakati ule sikusema neno, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Neno lilikuja baadaye. Mei Mosi ya 2021, Mwanza, Rais Samia alisema vyeo vitapandishwa, na kila ofisi ikaanza kuandaa orodha. Kada yetu ikawa na nafasi moja. Orodha ilipopita masijala kwenda kuwekwa kwenye jalada, nikaona kijana yuko namba ya kwanza na mimi chini yake.

Nilikaa nayo pale mezani nikaisoma upya. Idara nyingine zilikuwa na hali hiyo hiyo: mtu wa 2009 chini ya mtu wa 2013, wa 2011 chini ya wa 2012. Kisha nikaona kilichotokea. Watu wote waliokuwa na tarehe moja ya cheo cha sasa walikuwa wamepangwa kwa herufi za majina yao. Kompyuta ilipewa tarehe za cheo, ikazikuta zinalingana, ikaendelea na A, B, Ch. Hakuna aliyependelewa. Mwenye jina linaloanza na A alipanda, na sisi tunaoanzia huku mwisho tukashuka.

Hapa ndipo nilipopata somo ambalo nimeendelea kumwambia kila anayekuja dirishani. Pale ofisini maneno yalikuwa yameshaanza: kwamba kijana ana mtu wake, kwamba mkuu wa idara ni wa kwao, kwamba mambo ni ya kikabila. Kila mwaka maneno hayo husemwa, na wakati mwingine huwa na ukweli. Lakini ukiyaandika kwenye barua, umejifunga. Mkurugenzi akisoma kwamba unatuhumu upendeleo, lazima aulize ushahidi uko wapi, mtuhumiwa lazima ajitetee, na suala la tarehe yako linasahaulika. Niliandika barua ya ukurasa mmoja kwa Mkurugenzi Mtendaji, kupitia kwa mkuu wa idara. Niliomba mambo mawili tu: orodha ya waliolingana tarehe ya cheo ipangwe kwa tarehe ya cheo kilichotangulia na ya ajira, na barua yangu ya 2016 iliyositishwa izingatiwe. Nikaambatisha nakala ya barua ya ajira, ya kuthibitishwa na ile ya 2016. Jina la kijana sikulitaja popote.

Alikuja mwenyewe kunifuata, nikiwa nafunga majalada jioni.

"Dada, mimi sikuomba niwekwe juu yako."

"Najua, mdogo wangu. Wala sijakuandika."

"Watu wanasema umenishtaki."

Nikamfungulia nakala yangu akaisoma yote, amesimama. Akaniuliza kama na yeye anaweza kuandika ya kwake, maana tarehe ya kuthibitishwa kwake ilikuwa imekosewa kwenye mfumo. Tukaiandika pamoja kesho yake. Orodha ilirekebishwa kwa idara zote, mimi nikapanda mwaka ule na yeye mwaka uliofuata. Bado tunafanya kazi chumba kimoja.

Si kila suala huwa jepesi hivyo. Lililonigusa kuliko langu ni la muuguzi mmoja wa zahanati ya mbali, kule ambako gari linaingia mara moja kwa siku na masika haliingii kabisa. Alikuwa amekaa cheo kimoja muda mrefu, wenzake wa darasa moja wote wamepanda. Kila alipouliza aliambiwa hajathibitishwa kazini, na asiyethibitishwa hapandi. Yeye alikuwa anaapa kwamba barua ya kuthibitishwa aliipata, akaisaini, na nakala yake ikaliwa na mchwa pamoja na sanduku zima la vitabu. Watu walimwona mwongo. Afisa mmoja alimwambia aanze upya mchakato wa kuthibitishwa, maana yake utumishi wake wote wa nyuma ungehesabika kama majaribio.

Nilimwomba anipe siku chache. Jalada lake la wazi lilikuwa na folio, yaani namba za karatasi jaladani, zinazorukana: kumi na tatu, kumi na nne, kisha kumi na sita. Folio ya kumi na tano haikuwepo. Mtu wa masijala akiona hivyo anajua karatasi ilikuwepo na imetoka. Nikatafuta kwenye jalada la siri, hakuna. Nikafungua rejesta ya barua zinazotoka ya mwaka ule, daftari kubwa lenye jalada gumu la bluu, kurasa zimeshikana kwa vumbi. Nikaikuta: tarehe, kumbukumbu namba, jina lake la kwanza na la ukoo, na maneno "kuthibitishwa kazini". Barua iliandikwa kweli. Sasa iko wapi?

Kwa Wagogo, na nadhani kwa makabila mengi, jina la ukoo moja linaweza kubebwa na watumishi wanne wa halmashauri moja. Nikavuta majalada ya wote wenye jina lile la ukoo. Kwenye jalada la dereva mmoja aliyekwisha kustaafu, katikati ya maombi ya likizo na madai ya matengenezo ya gari, nikaikuta barua ya muuguzi imetobolewa vizuri na kufungwa kwa uzi, pembeni imeandikwa kwa kalamu nyekundu: folio 41. Aliyeifunga alisoma jina la ukoo akaishia hapo. Ilikuwa imekaa pale muda wote huo.

Nilimpigia simu pale pale. Hakuuliza kuhusu cheo wala fedha. Aliuliza, "Kwa hiyo nilikuwa sisemi uongo?" Nikamjibu, "Hukusema uongo, mama." Tuliandika dokezo, barua ikarudishwa jaladani kwake, tarehe yake ikaingizwa kwenye mfumo, na hoja yake ikapelekwa pamoja na ya wengine waliocheleweshwa. Alipandishwa kwa mserereko, ule utaratibu ambao serikali imeutumia kuwasogeza watumishi waliokwama, wasisubiri tena muda mzima kana kwamba ndiyo kwanza wameanza.

Tangu hapo kila mtumishi mpya anayekuja kuripoti namwambia ajitengenezee jalada lake nyumbani, atoe nakala, na apige picha za barua zote kwa simu. Barua ya ajira, ya kuthibitishwa, ya kila cheo, fomu ya kukubali cheo, ruhusa ya masomo, barua ya uhamisho. Siku hizi kuna mfumo wa ESS ambao mtumishi anaingia mwenyewe na kuona taarifa zake, na nawahimiza waingie waangalie tarehe, si likizo tu. Lakini mfumo unaonyesha kilichoingizwa. Kikiingizwa kibovu, kitakachokuokoa ni barua yako.

Kuna jambo moja la utendaji ambalo lazima nilitaje, kwa sababu wengi hushindwa hoja zao hapo. Tangu Sera ya Menejimenti na Ajira katika Utumishi wa Umma ya 1999, kukaa muda mrefu peke yake hakutoshi. Lazima kuwe na ushahidi wa kazi. Kwa miaka mingi ushahidi huo ulikuwa fomu za OPRAS, za kupima utendaji wa mtumishi, zilizoanza 2004. Nimezipokea fomu za miaka mitatu za mtu mmoja zikiwa zimejazwa kwa kalamu moja, wino mmoja, asubuhi moja, na msimamizi amesaini zote kwa mkupuo. Wakati orodha ni ndefu kuliko nafasi, fomu hizo ndizo za kwanza kutiliwa shaka, na mtu anaweza kuwa mchapakazi wa kweli lakini karatasi zake zinamwonyesha mzembe. PEPMIS, mfumo wa kompyuta uliochukua nafasi ya OPRAS, haimpi mtu nafasi hiyo, kazi zinaingizwa na kupimwa mwaka unavyoendelea. Wengi wanailalamikia, hasa walio vituo visivyo na mtandao mzuri, na wana haki. Hata hivyo mimi naiona inawalinda wanyonge, yule asiye na mtu wa kumsemea.

Kisha yupo mzee wetu wa kilimo. Kila akipita dirishani husalimia "Mbukwenyi!" kwa sauti ya shambani mpaka chumba kizima kiitikie. Alianza kazi na stashahada, akapanda mpaka juu kwenye muundo wake, akapata ruhusa ya mwajiri kwenda kusoma shahada Morogoro. Aliporudi akabadilishiwa muundo, akaanza upya kwenye ngazi ya kuingilia ya wenye shahada, huku akilindiwa mshahara binafsi, yaani mshahara wake wa zamani usishuke. Hajakaa sawa, zuio la 2016 likamkuta. Vijana aliowapokea yeye, akawafundisha kupima shamba na kusema na wakulima wa zabibu, leo wanamsainia ruhusa.

Dai lake lilikuwa kwamba miaka yake ya stashahada ihesabiwe kwenye tange ya maafisa kilimo. Nilimweleza, na afisa utumishi akamweleza pia, kwamba haiwezekani: kwenye muundo mpya muda unahesabiwa tangu alipoingia humo, ndivyo ilivyo kwa wote. Ilimuuma. Lakini ndani ya dai lake lile kubwa kulikuwa na dai dogo lililo halali kabisa, miaka iliyopotea wakati wa zuio akiwa tayari kwenye muundo mpya. Alikuwa analichanganya na lile lisilowezekana, na kila jibu lililorudi lilikataa yote kwa pamoja. Tulipolitenga likasimama lenyewe, likapita.

Sisi wa Dodoma tuna kishawishi ambacho watu wa Kigoma au Mtwara hawana. Tangu serikali ilipohamia huku, Mtumba, kwenye mji wa serikali wenye ofisi za wizara, ni nauli ya daladala. Mtu akikasirika asubuhi, saa nne yuko mapokezi ya Ofisi ya Rais Utumishi na bahasha mkononi. Nimewaona wakirudi jioni wamechoka, wameambiwa suala likaanzie kwa mwajiri. Hawakuonewa. Mkurugenzi ndiye mwenye jalada, na kule juu hawawezi kuamua bila maelezo yake. Andika kwa mwajiri kupitia kwa mkuu wako, gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, kumbushia kwa maandishi ukikaa bila jibu. Usipojibiwa au usiporidhika, unapanda ngazi ukiwa na nakala hizo, kwa Katibu Mkuu au Tume ya Utumishi wa Umma ambayo makao yake ni hapa hapa Dodoma. Wapo wanaotaka kukimbilia moja kwa moja Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kama wafanyakazi wa makampuni. Tangu marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2016, mtumishi wa umma anatakiwa kwanza amalize njia zilizo ndani ya sheria hiyo. Tawi la kwetu la TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, limesaidia wengi kuandika barua zenye mpangilio, na hilo ni bure kwa mwanachama. Mbunge naye ni mtu mwema, lakini cheo chako hakipatikani kwa swali la bungeni.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu ya fedha za uzee. Wengi wanadhani kuchelewa cheo ni kukosa nyongeza ya mwezi, basi. Pensheni ya PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, inakokotolewa kwa wastani wa mishahara ya miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka kumi ya mwisho. Mwaka 2022 mkupuo, yaani fedha anazolipwa mstaafu kwa mara moja, uliwekwa asilimia 33, na 2024 ukapandishwa kuwa 40, na watu walibishana sana kuhusu asilimia hizo, mimi nikiwemo. Lakini asilimia ni ya kitu. Anayestaafu akiwa daraja moja chini ya lile alilostahili anapunjwa kwenye mkupuo, na anapunjwa kila mwezi mpaka anaingia kaburini. Ndiyo maana mtu wa miaka hamsini na minane akija dirishani na suala la tarehe, namtanguliza mbele ya wote.

Ninachokidai kazini kwangu, na nimekiandika kwa maandishi, ni tange kubandikwa ubaoni kabla haijapelekwa kokote. Si lazima iwe na tarehe za kuzaliwa wala mambo ya siri ya mtu. Jina, cheo, tarehe ya cheo na tarehe ya ajira vinatosha, na watu wapewe wiki mbili za kuleta marekebisho. Idara ya afya imeanza, na nakala hutumwa kwenye makundi ya simu ya vituo. Safari iliyopita tabibu mmoja aliiona orodha akiwa kituoni kwake, akakuta mwaka wake wa ajira umeandikwa 2015 badala ya 2010, akatutumia picha ya barua yake, ikarekebishwa kabla ya saa sita mchana. Idara nyingine bado hazijakubali, na mimi bado naziandikia.